Kuufuata Mchunga: Siku Tano kutoka Buguruni hadi Pugu

Mchunga ni ule mmea wa majani marefu membamba, maua madogo ya njano na utomvu mweupe unaonata vidoleni. Mwenye shamba huung'oa kama gugu, jirani yake akapita na kuomba aupeleke jikoni. Wataalamu wa mimea wanauita Launaea cornuta. Watu wa pwani, kuanzia Tanga mpaka Rufiji, wanaujua kama mboga chungu na pia kama dawa ya tumbo, homa na surua.

Safari hii ilifanyika katikati ya Mei, masika ikielekea ukingoni. Swali lilikuwa moja: mtu wa Dar es Salaam akiambiwa "kunywa mchunga", ni mchunga wa wapi, sehemu gani ya mmea, na kwa kiasi gani? Yanayofuata yameandikwa nyumbani kutokana na daftari na picha za simu. Bei ni zile zilizolipwa wiki hiyo.

Jumatatu: Soko la Buguruni

Mboga za majani hazisubiri jua. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi akina mama walikuwa wameshapanga mafungu chini kwenye viroba, na kufikia saa tatu mchunga ulikuwa umebaki kwa wauzaji wawili tu. Fungu ni Sh 500, linatosha kiganja cha mtu mzima kulizungushia vidole.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mnataka wa kupika au wa dawa?"

Swali hilo peke yake lilistahili nauli. Wa kupika ni majani machanga yaliyochumwa kabla mmea haujatoa ua. Wa dawa huuzwa mmea mzima, ukiwa na mzizi, na mara nyingi umeshachanua, kwa sababu uchungu huongezeka mmea unapokomaa na wateja wa dawa wanautafuta huo uchungu. Ukinunua wa dawa ukaupeleka jikoni, chakula hakitalika.

Tulinunua mafungu sita kwa wauzaji tofauti tukayafungua juu ya gazeti. Matano yalikuwa mchunga mtupu. La sita lilikuwa na mashina manne ya mmea mwingine wa jamii ya mziwaziwa, nao una utomvu mweupe. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, maana kipimo cha mtaani ni "vunja shina, ukiona maziwa ndio wenyewe". Maziwa hayatoshi. Mimea ya jamii ya mziwaziwa ina utomvu unaowasha ngozi na kuchoma macho, na baadhi yake huumiza tumbo.

Tazama mambo mengine pamoja na utomvu. Ua la mchunga ni la njano, limetengenezwa na vijipetali vingi vyembamba, na likikomaa hugeuka pamba nyeupe inayopeperuka. Mziwaziwa hauna ua la namna hiyo: wake ni vidude vidogo vya kijani, na tunda lake lina pande tatu. Shina la mchunga lina uwazi ndani. Jani lake ni refu, pengine limechanika kidogo karibu na shina na kutoa kama masikio mawili. Chini ya ardhi una mzizi mweupe unaotambaa kwa mlalo na kuchipua kila mahali. Fungu lisilo na ua wala mzizi, lililokatwakatwa tayari, liache hata kama ni bei rahisi. Unga wa mchunga ndani ya chupa hauna alama hata moja kati ya hizi, kwa hiyo hakuna mnunuzi anayeweza kuuhakiki kwa macho.

Yule mama aliturudishia Sh 500 ya fungu la sita ingawa halikutoka kwake. Alisema jina la mboga likichafuka sokoni, linachafuka kwa wote.

Kwa atakayefuata: nenda na kikapu. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, na hata bila marufuku mchunga ukifungiwa kwenye plastiki huanza kutoa maji na kunuka ndani ya saa mbili. Kutoka Buguruni kwenda katikati ya mji daladala ilikuwa Sh 600.

Jumanne: Bonde la Msimbazi

Foleni ya asubuhi ilikula saa moja na robo. Tulishukia Jangwani, ambako mvua za wiki iliyotangulia zilikuwa zimeacha tope mpaka ukingoni mwa barabara.

Mchunga wa bondeni unavutia kuliko wowote tulioona: kijani kibichi, jani pana kama vidole vitatu, mashina yanafika kiunoni. Hatukuchuma hata jani moja.

Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu ukiwa maji safi, unapita katikati ya mji ukipokea majitaka ya viwanda, gereji na vyoo, halafu unaingia baharini karibu na daraja la Salenda. Mwaka 1999 wanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha vipimo vya mboga za majani zilizolimwa kandokando ya mito Sinza na Msimbazi, wakichunguza madini mazito kama risasi na kadimiamu. Mboga za majani huvuta madini hayo kutoka kwenye udongo na kuyaweka ndani ya jani lenyewe. Kuosha kunaondoa vumbi na vijidudu vya juu, lakini hakuondoi kilicho ndani. Kuchemsha kunaua vimelea vya kipindupindu, ila risasi haifi kwa moto.

Kukausha ndiko kunakozidisha tatizo. Kilo moja ya majani mabichi ikikauka hubaki kama gramu 120. Maji yameondoka, madini yamebaki yote. Mtu anayekula kijiko cha unga wa mchunga wa bondeni anameza yaliyokuwa kwenye kiganja kizima cha majani, na hufanya hivyo kila siku akiamini anajitibu. Kwa maoni yetu, nusu ya maswali kuhusu mchunga kama dawa katika mji huu yangepaswa kuwa swali la udongo kabla ya kuwa swali la dozi.

Kijana mmoja aliyekuwa akikata majani ya sungura wake alitueleza bila kificho kwamba kila alfajiri kuna wanaokuja na viroba kuchuma hapo na kupeleka masokoni. Muulize muuzaji: "Umechuma wapi?" Akisita, ondoka.

Jumatano: Kigamboni

Panton kutoka Magogoni ni Sh 200 kwa mtu. Foleni ya watu ilikwenda haraka, lakini kivuko kimoja kilikuwa kimesimama, hivyo tulingoja dakika arobaini chini ya paa la bati linalovuja. Ng'ambo, daladala mpaka Kibada, kisha bodaboda Sh 3,000 kuelekea Mwasonga. Njia ya mwisho ni mchanga mtupu. Mvua ilipotukuta, dereva alitusogeza chini ya mwembe akasubiri nusu saa nzima, na tulipofika hakuongeza hata senti.

Mwenyeji alikuwa mzee mkulima wa muhogo na kunde. Mchunga unaota katikati ya matuta yake, naye anauacha. Kabla ya kuchuma tulimuuliza kama shamba limepuliziwa dawa ya magugu. Hili uulize kila mara, kwa sababu mkulima anayeuona mchunga kama gugu ndiye atakayeupulizia kwanza. Dalili ni majani yaliyojikunja au kuwa ya manjano kwa pamoja upande mmoja wa shamba. Kwake hakukuwa na kitu: jembe tu.

Uchumaji wake ulikuwa wa mpango. Anasubiri umande ukauke, kama saa tatu asubuhi. Anakata kwa kisu vidole viwili juu ya udongo, hang'oi. Mzizi ukibaki, kipindi cha mvua mmea hurudi baada ya wiki mbili au tatu. Akihitaji mzizi anachimba upande mmoja tu wa shina, kina cha shubiri moja na nusu, anachukua kipande na kufukia. Utomvu ukishika vidole hugeuka kahawia na hautoki kwa sabuni. Paka mafuta ya nazi kwanza, sugua, ndipo unawe.

Matumizi anayoyajua ni haya. Kwa tumbo linalonyonga na homa za usiku, kiganja kimoja cha majani mabichi kwenye vikombe vitatu vya maji, chemsha mpaka vibaki viwili, chuja, nusu kikombe asubuhi na nusu jioni baada ya chakula, kwa siku tatu basi. Akizidisha mtu, alisema, ataharisha au atatapika, hasa akinywa tumbo likiwa tupu. Mzizi huchemshwa hivyo hivyo kwa wanaoumwa kile wanachokiita taifodi. Majani mabichi hutafunwa kwa kikohozi na koo. Mtoto mwenye surua huogeshwa kwa maji ya vuguvugu yaliyopikichwa majani, ili kupunguza mwasho.

Hayo ni mapokeo, na tumeyaandika kama yalivyosemwa. Dozi iliyopimwa kitaalamu haimo ndani yake. Homa ya Dar es Salaam inaweza kuwa malaria, na malaria hupimwa kwa tone la damu kituo cha afya, majibu ndani ya dakika ishirini hivi, kisha dawa mseto. Taifodi ya kweli inahitaji antibayotiki. Anayekunywa mchunga siku tatu akisubiri homa ishuke anaipa malaria siku tatu. Kwa mtoto chini ya miaka mitano na mama mjamzito, tusingemwelekeza mtu kunywa kabisa. Anayetumia vidonge vya kisukari au presha amwambie daktari wake kabla ya kuongeza chochote kichungu juu yake.

Surua ina hatari yake ya pekee. Bado wapo wanaoamini mtoto mwenye surua hachomwi sindano wala hapelekwi hospitali mpaka vipele vitoke vyote. Kuogesha kwa maji ya mchunga safi hakumzuii mzazi kwenda kliniki siku hiyo hiyo, ambako mtoto hupewa vitamini A na kuangaliwa mapafu na macho. Chanjo ya surua hutolewa akiwa na miezi tisa na kurudiwa miezi kumi na minane. Na pale penye desturi ya kukamulia utomvu kwenye sikio linalouma, tunasihi iachwe: ngoma ya sikio ikiwa imetoboka, utomvu unaingia ndani na kuacha madhara.

Mchana mke wa mzee alipika. Hapa mchunga ulituonyesha sura yake bora zaidi. Mafungu mawili ya mchunga mchanga, fungu moja la mchicha ili kupoza uchungu, nazi moja, kitunguu, nyanya mbili, chumvi. Majani hukatwa membamba, huoshwa maji matatu. Maji lita mbili na kijiko cha chai cha chumvi yakishatokota ndipo mchunga unaingia, sufuria wazi bila mfuniko, dakika tano. Maji hayo humwagwa, majani husuuzwa kwa maji baridi na kukamuliwa kwa nguvu. Mchunga uliokwisha kuchanua huchemshwa mara mbili. Wanaoanza na maji baridi huupata umelegea lakini uchungu uko pale pale.

Nazi ilikuwa imekunwa kwenye mbuzi na kukamuliwa mara mbili. Kitunguu na nyanya vikishaiva, mchunga na mchicha huingia na tui jepesi kwa dakika kumi. Tui zito ni la mwisho, huku unakoroga bila kuacha, likitokota mara moja unaepua. Ukilitia mapema au ukaacha kukoroga, tui linakatika na mafuta yanaelea. Uliliwa na ugali wa muhogo na dagaa wa kukaanga. Uchungu unabaki kidogo nyuma ya ulimi, na ndio utamu wake.

Tulimuuliza mama kama haoni amemwaga dawa na yale maji. Alijibu: "Dawa hainywewi kila siku, mboga inaliwa kila siku." Tumekubaliana naye. Kwa mwenye afya, mchunga wa kupikwa, kutoka udongo safi, mara moja au mbili kwa wiki, ndio matumizi tunayoweza kuyatetea bila wasiwasi.

Alhamisi: mvua, na Mlimani

Siku ya kukausha, na mvua haikukatika mpaka alasiri. Majani ya Kigamboni tuliyatandaza kwenye ungo tulioazimwa na jirani wa nyumba tuliyofikia. Kanuni ni kivuli chenye upepo, safu moja, kugeuza asubuhi na jioni. Jua kali huyageuza kahawia na kuyaondolea harufu. Kivuli kisicho na upepo, katika unyevu wa Dar wakati wa masika, huleta ukungu siku ya pili. Tulipoteza theluthi moja namna hiyo kwa sababu ungo mmoja uliwekwa kwenye kona ya chumba. Jani lenye madoa meupe au harufu ya kuvunda halichambuliwi, linatupwa pamoja na yaliyoligusa. Limekauka likivunjika kwa mlio ukilibana. Kwa kawaida ni siku tatu hadi tano, Mei ilichukua sita. Hifadhi kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko au bahasha ya karatasi, na uandike juu yake mahali, tarehe na sehemu ya mmea.

Mvua ilipopungua tulipeleka mmea mzima Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye hifadhi yao ya mimea mikavu. Sampuli ya kutambulisha inatakiwa iwe na jani la chini, jani la juu, ua, na mzizi, imebanwa kati ya magazeti chini ya uzito, magazeti yakibadilishwa kila siku. Andika pembeni vitu vitakavyopotea ukikauka: rangi ya ua, kama ulikuwa na utomvu, urefu, aina ya udongo. Wa kwetu ulikuwa na unyevu bado, lakini ua lilikuwepo na mzizi pia, ukatambulika. Tungekuja na majani matupu tungerudi na majani matupu.

Anayetaka kwenda mbali zaidi kuna Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili, iliyoanza mwaka 1974 kama kitengo cha utafiti na kuwa taasisi kamili mwaka 1991. Na anayekwenda kwa mganga au muuza dawa, aombe kuona usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Sheria Na. 23 ya mwaka 2002 inaudai, na mtu aliyesajiliwa haoni vibaya kuulizwa.

Ijumaa: Pugu

Kupitia Gongo la Mboto mpaka Pugu Kajiungeni, daladala mbili. Barabara ilikuwa wazi, hakuna la kusimulia.

Vilima hivi ndivyo chanzo cha Msimbazi ule ule wa Jumanne. Ndani ya hifadhi ya msitu usichume kitu bila kibali. Hakuna haja hata hivyo, maana mchunga si mmea wa msituni. Unataka jua na udongo uliofukuliwa, hivyo uko kando ya mashamba ya muhogo na njia za miguu. Wa hapa ni mfupi kuliko wa Jangwani, jani jembamba, udongo mwekundu umeushikilia kweli. Ukiuweka kando ya picha ya Jumanne, mnunuzi asiyejua angechagua ule mwingine.

Bibi mmoja aliyekuwa akipalilia alitukatia vipande vitano vya mzizi, kila kimoja urefu wa kidole, akavifunga kwenye jani la mgomba na kutukataza kumlipa. Alieleza namna ya kuvipanda mjini: ndoo ya lita ishirini iliyotobolewa chini mashimo matano, mchanga sehemu mbili kwa udongo sehemu moja, mbolea ya kuku iliyokwisha kuoza kiganja kimoja. Udongo usichukuliwe mtaroni wala penye majivu ya takataka. Kipande kilazwe, kisisimamishwe, kifukiwe vidole viwili. Maji ya bomba jioni, siku moja ndiyo siku moja hapana, kwani mzizi wa mchunga huoza upesi kuliko unavyokauka. Usiupande ardhini kwenye bustani ya mboga nyingine: utatambaa na kuufukuza mchicha wako.

Vilipandwa jioni ile ile. Siku ya kumi na moja vitatu vilikuwa vimechipua. Viwili vilivyobaki tulivifukua: kimoja kilikuwa kimeoza, na kingine kilikuwa kimewekwa wima.